Alistidia na Shirikisho la Watu wa Mwanza

Alistidia Rugaibula wa Maruku hakuwa mtu wa kupendeka, na hapa hatutampamba. Alikuwa na mdomo mkali, kinyongo kisichochuja, na tabia ya kumkazia macho mtu anayemsemesha mpaka maneno yanamkauka. Pale Bukoba, alikokuwa akisomea diploma ya maendeleo ya jamii, wenzake walisema damu yake haipatani na ya mtu yeyote. Walikosea kidogo. Ilipatana na ya Kezia, binti wa mvuvi kutoka kisiwa kimoja cha Muleba, aliyelala naye chumba kimoja bwenini.

Chuo chenyewe jina lake tuliache, wanaokijua wanakijua. Majengo mazuri yako mbele, upande wa barabara, kwa ajili ya wageni. Mabweni ya wasichana yako nyuma, kwenye mteremko, ambako mgeni hapelekwi.

Ili uelewe kwa nini msichana aliyewachukia watu kiasi kile ndiye aliyekesha akipigania chama, lazima kwanza usikie habari za mama yake. Kwao Maruku kila kaya imo kwenye chama cha kuzikana, na si chama cha mdomoni. Mtu akifa, wanachama ndio wanaochimba kaburi, wanaoleta kuni na maji na ndizi, wanaotandika nyasi mpya ndani ya nyumba na kulala na wafiwa. Ukikosa msiba wa mwenzako unatozwa faini. Ukigoma kulipa unatengwa, na ukishatengwa, hata ile akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo Mhaya humpa mgeni kabla hajamuuliza shida yake, hakuna atakayeipokea kutoka mkononi mwako.

Baba yake, mzee Rugaibula, alisusa mazishi ya jirani waliyegombania naye mpaka wa kibanja, shamba la migomba. Alipoitwa kujieleza alisema hawezi kumzika mtu aliyemwibia migomba. Alipotozwa faini akatoa jeuri: yeye ana mikono, ana watoto, chama ni cha wanyonge. Mwenyekiti wa chama, Ta Kaijage, yaani mzee Kaijage, hakubishana naye. Alimwambia, "Vyema waitu, tutaona," kwa neno lile la Kihaya la heshima, akachukua fimbo yake akaenda zake.

Kweli waliona. Ma Joanitha, mama yake Alistidia, alifariki binti akiwa kidato cha pili, na hakuna aliyekuja. Tuseme ukweli, walikuja, lakini walikomea barabarani. Walisimama pale wanaume kwa wanawake, wamefunga mikono vifuani, wakimwangalia Rugaibula akichimba kaburi la mkewe peke yake. Shimo lilipomfika kiunoni mpini wa jembe ukavunjika, na yule mzee mwenye mikono akakaa chini akalia kama mtoto. Ndani ya nyumba hapakuwa na nyasi mpya. Alistidia alikaa juu ya saruji tupu, ubavuni mwa maiti ya mama yake, akiwahesabia dhambi wale wa barabarani, mmoja baada ya mwingine.

Waliomaliza kuchimba walikuwa wavuvi. Bundala, Msukuma aliyekuwa akimuuzia Rugaibula samaki pale Kemondo, alipata habari za msiba akaja na wenzake. Hawakuwa wanachama wa chochote, hata Kihaya hawakukijua vizuri. Walivua mashati, wakachimba, wakazika, wakala walichopewa, wakarudi ziwani. Tangu siku hiyo Alistidia aliwachukia watu wa Maruku kwa roho yao mbaya, akamchukia na baba yake kwa jeuri yake, na hakuona sababu ya kuacha chuki moja kwa ajili ya nyingine. Kezia alikuwa binti wa huyo Bundala. Siku walipokutana kwenye usajili wa chuo na Alistidia akajua ni mtoto wa nani, alimbebea godoro mpaka chumbani.

Sasa mkosi ulioje, rais wa serikali ya wanafunzi alikuwa Mwijage, mtoto wa Ta Kaijage yule yule. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye suti ya vikao na Kiingereza cha kutosha kumchosha msikilizaji. Siku ya mazishi naye alikuwa barabarani, mrefu kuliko wenzake, na Alistidia hakuhitaji kukumbushwa.

Mwijage ndiye aliyewatoa wanafunzi wa chuo kile kwenye shirikisho la taifa la vyama vya wanafunzi. Na sababu yake, ukiisikia, utajua mara moja uko mkoa gani. Shirikisho lilikuwa limeamua ofisi ya kanda ikae Mwanza. Basi! Hilo tu. Mwijage alisimama ukumbini akawaambia wenzake kwamba wao ni nshomile, watu waliosoma, babu zao walishasoma, wakaandika na kubishana na maaskofu wakati watu wengine wanachunga ng'ombe, na leo hii eti wakaripoti Mwanza kwa wauza sato. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Alistidia alisimama akasema huo ni upumbavu, akaambiwa kaa chini. Kiburi cha namna ile kinapatikana Bukoba peke yake, na kinanuka vilevile hata ukikivalisha suti.

Mwaka ukapita bila neno. Halafu akaja mkaguzi kutoka wizarani, mama mmoja mpole mwenye miwani. Mkuu wa chuo alimzungusha kwenye majengo ya mbele, akamwambia mbele ya wanafunzi waliopangwa mstari kwamba maji bwenini yanatoka saa zote. Kezia alikuwa mstari wa nyuma. Kule kisiwani watu hupaza sauti ili wasikike juu ya injini za mitumbwi, na yeye hakuwahi kujifunza kunong'ona.

"Mama, maji hayajatoka tangu muhula uanze," alisema. "Tunachota kijitoni tukipokezana na ng'ombe."

Mkaguzi aliandika. Mkuu wa chuo alitabasamu mpaka gari la mgeni lilipotoka getini. Baada ya hapo Kezia akasimamishwa masomo mwaka mzima kwa kosa la kukichafua chuo, ila akapewa nafasi ya kukata rufaa mbele ya baraza la nidhamu.

Mwijage na kamati yake wakaenda kumtetea, hilo tusimnyime. Alistidia alilazimisha kwenda nao. Mkuu wa chuo hakuwaambia wakae. Alimsikiliza rais wa wanafunzi mpaka akamaliza Kiingereza chake chote, kisha akamuuliza kwa upole, "Mwijage, ukishamaliza kumtetea mwenzako, wewe atakutetea nani?"

Mwijage alifunga na kufungua kifungo cha suti yake.

"Kwenye baraza naruhusu mwakilishi wa shirikisho la taifa," mkuu akaendelea. "Yule simpangii mimi mitihani, wala hali chakula changu. Ninyi mnalala kwangu. Haya, nendeni darasani."

Walipotoka nje, Mwijage akawatangazia wanafunzi kwamba suala linashughulikiwa. Alistidia akamuuliza, mbele ya kila mtu, linashughulikiwa na nani, na wapi, maana yeye alikuwa mle ndani na alichoona ni rais wao anahangaika na kifungo cha suti. Mwijage akamwambia achunge mdomo wake. Akamjibu hana kingine alichorithi.

Mchana ule ule alimpigia simu katibu wa kanda kule Mwanza, mtu anayeitwa Muharami. Alitegemea kupata mtu wa kumhurumia. Alikosea namba ya huruma.

"Mlijitoa wenyewe, dada," alisema Muharami. "Tena kwa matusi. Ile hotuba ya wauza sato ninayo kwenye simu yangu, huwa nawachezea wageni."

"Mwenzetu anafukuzwa kwa kusema kweli."

"Nimesikia. Rudini kwanza kwa uamuzi wa mkutano mkuu wenu, ndipo tuongee."

Alistidia alikata simu bila kuaga, akaanza kuzunguka chumba hadi chumba. Hakujua kubembeleza. Aliingia, akasimama mlangoni, akawaambia watu kwamba leo ni Kezia na kesho ni wao, na kama wanaona maji ya ng'ombe ni matamu waendelee kulala. Wengine walimtukana. Lakini walikuja mkutanoni, maana wengi walikuwa na hasira na kile kijito kuliko walivyokuwa na hasira naye. Na wote walijua kikao cha baraza ni Ijumaa ya wiki ile.

Ukumbini, Mwijage alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema viongozi wa shirikisho ni wapenda semina, kazi yao kukaa hotelini na kupiga picha na wanasiasa. Mara ya mwisho kuja chuoni walikula, wakashangiliwa, wakasahau hata jina la chuo. Watu waliitikia, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha, akiona Alistidia ananyanyuka, akaongeza kitu ambacho hakikuwa na haja ya kusemwa.

"Na msikilizeni huyu anayekuja," alisema akicheka. "Baba yake alijitoa kwenye chama cha kuzikana kijijini kwetu. Mpaka leo ametengwa. Leo binti yake ndiye mwalimu wa kutufundisha kujiunga!"

Wahaya waliomo ukumbini walielewa uzito wake. Kicheko kilianza, kikafia njiani. Kumtaja mtu aliyetengwa mbele ya umati ni kumvua nguo. Kwa muda Alistidia alitaka kumfuata pale alipo, amzabe kofi lisikike mpaka Miembeni mjini. Badala yake alipita mbele akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Kweli," alisema. "Baba yangu alijitoa. Alikuwa na kiburi kama cha rais wenu. Mama yangu alipokufa, baba alichimba kaburi peke yake, na huyu Mwijage alikuwa barabarani anaangalia. Baba yake ndiye mwenyekiti. Mwijage, sema kama nasema uongo."

Mwijage alitazama viatu vyake.

"Siwapendi watu wa chama kile. Nitakufa siwapendi. Ni wakatili, wanasengenya, wakija msibani wanakula kuliko wanavyolia. Na hawa wa Mwanza nimeongea nao, ni wenye maringo vilevile. Kila alichowaambia rais kuhusu semina ni kweli. Lakini hamjiungi na watu kwa sababu ni wazuri! Mnajiunga kwa sababu mtu hawezi kushika jembe siku ambayo moyo wake umevunjika. Mkuu wa chuo hana hofu na sisi, kwa sababu tunalala kwake na tunakula kwake. Tukiwa peke yetu, sisi ni kaya iliyotengwa, tofauti ni kwamba tumejitenga wenyewe na kupiga vigelegele juu yake. Mnataka kumsubiri nani aje kuwachimbia? Wavuvi?"

Alirudisha kipaza sauti mezani kwa kishindo, kikapiga kelele mbaya. Hakukuwa na makofi. Watu walipiga kura kimya kimya, kwa kunyoosha mikono, na mikono ya kurudi kwenye shirikisho ikawa mingi kiasi kwamba Mwijage hakuona haja ya kuuliza nani anapinga. Alitangaza matokeo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo, akatoka.

Muharami alifika Alhamisi kwa basi la Mwanza. Alikuwa mfupi, mnene, na ameudhika na safari. Aliwapokea rasmi, akamkabidhi Mwijage cheti cha uanachama wakapiga picha, kama ilivyotabiriwa. Kisha Alistidia akamvuta kando kumpanga kwa ajili ya kikao cha kesho, na Muharami akatikisa kichwa.

"Sitaingia kwenye baraza."

"Unasema nini wewe?"

"Mmekuwa wanachama leo. Jambo la mwenzenu lilitokea mkiwa nje. Katiba yetu inazuia."

Alistidia alimwambia mambo ambayo hayaandikiki. Alimwita mnafiki, mla semina, mtu asiye na mama. Muharami alimsubiri mpaka pumzi zikamwisha.

"Dada, hata mimi naumia," alisema. "Lakini nikimtetea huyu, kila chuo kitakaa nje kikitutukana mpaka nyumba iwake moto, ndipo waje kuomba ndoo. Wanaokaa ndani miaka yote watabaki kwa sababu gani?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alielewa. Chama cha Maruku nacho kilikuwa na sharti hilo hilo: mgeni akijiunga leo, msiba wake wa jana ni wake mwenyewe. Alilijua tangu utotoni. Katika hasira zake zote hakukumbuka kuuliza, na huku akiwahubiria wenzake faida za chama, masharti ya chama aliyaruka. Kezia alisimama mbele ya baraza peke yake Ijumaa asubuhi. Alitoka muda mfupi baadaye, rufaa imekataliwa, akaenda moja kwa moja chumbani kufunga mizigo.

Alistidia alimkuta anakunja shuka. Alianza kueleza habari za katiba na Muharami, na Kezia akamkatisha.

"Nimeambiwa. Asante kwa kunipigania." Hakukuwa na shukrani yoyote katika sauti ile. "Ila nilikuwa ukumbini siku ile, nimekaa nyuma. Ulisimama ukasema ya mama yako, ya baba yako, ya Mwijage. Jina langu hukulitaja hata mara moja."

"Kezia, nilikuwa nataka..."

"Ulikuwa unagombana na Maruku. Mimi nilikuwa sababu ya kupata kipaza sauti." Akafunga zipu ya begi. "Na baba yangu hakuja kuchimba ili uje kumfanya mfano wa watu wa kudharauliwa. 'Wavuvi?' Ndivyo ulivyosema. Kama vile ni aibu."

Alistidia alijaribu kumpokea begi, Kezia akalivuta. Akapanda gari la Kemondo mchana ule ili awahi mtumbwi, na tangu hapo akawa anaanika dagaa kisiwani pamoja na baba yake. Simu za Alistidia zilikuwa zinaita mpaka zinakatika.

Miezi ikaenda. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ulipofika, Alistidia akapata ukatibu. Hakuna aliyempenda, ila pia hakuna aliyekuwa na ubavu wa kushindana naye. Mwijage hakugombea. Alikuwa mwaka wa mwisho, amebaki na suti yake na hasira zake. Hasira hizo ndizo zilizomponza, kwa kuwa alimwita mlezi wa wanafunzi kibaraka na mwizi kwenye kundi la WhatsApp, na mtu mmoja akampelekea mlezi picha ya maneno yale. Akasimamishwa akiwa amebakiza mtihani wa mwisho tu. Kikao chake cha baraza kikapangwa Ijumaa.

Alikuja kwenye ofisi ya wanafunzi baada ya chakula cha mchana. Mlango ulikuwa wazi lakini alibisha hodi. Alistidia alimwona, akaendelea kuandika.

"Waitu, Ma Alistidia," alianza Mwijage.

"Usiniite Ma. Mimi si shangazi yako."

Mwijage alibaki amesimama, maana hakukaribishwa. Alijieleza kwa Kiswahili safari hii. Kule nyumbani Ta Kaijage alikuwa ameshakodi turubai la sherehe ya mahafali, na hajui kitu. Mkuu wa chuo amemuuliza swali lile lile la siku ile, na hakuwa na jibu. Alisema yote hayo akiangalia kalenda ukutani.

"Unataka nini?" Alistidia aliuliza, ingawa alijua. Alitaka Mwijage alitamke mwenyewe.

"Nataka shirikisho lije."

Alimwacha asimame. Alifikiria jinsi ingekuwa rahisi. Hakukuwa na haja hata ya kukataa, angeweza tu kusema atapiga simu kesho, na kesho aseme mtandao ulisumbua, na Ijumaa ipite. Hakuna mtu angejua. Mzee Kaijage angekaa chini ya turubai lake akiwaeleza wageni kwa nini hakuna mhitimu, na yeye Alistidia angesimama barabarani, mikono kifuani, akiangalia. Alilitamani kweli jambo hilo.

Akachukua simu akampigia Muharami, akaiweka kwenye spika ili Mwijage asikie.

"Tuna mtu anakwenda kwenye baraza Ijumaa," alisema. "Jambo limetokea mwezi huu. Tumo ndani."

"Nani?"

"Mwijage Kaijage."

Muharami akaangua kicheko. "Yule wa wauza sato?"

"Huyo huyo."

"Haya. Nitaulizwa tabia yake, nijiandae. Ni mtu mzuri?"

Alistidia alimtazama Mwijage usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hapana," alisema. "Lakini ni mwanachama. Njoo, na usichelewe."

Alipokata simu, Mwijage alikuwa anafuta macho kwa mkono wa suti. Alianza kushukuru, akaanza na habari za siku ile ya mazishi, kwamba alikuwa mdogo, kwamba baba yake alimkataza kuvuka barabara.

"Nyamaza," Alistidia alimwambia. "Nafasi hii niliitafuta kwa ajili ya Kezia. Nimeipigania kwa mdomo wangu mchafu na jina la mama yangu, na anayekalia kiti ni wewe. Usinishukuru, utanitapisha. Ijumaa vaa shati safi, jibu unachoulizwa, na usiongee Kiingereza. Toka."

Mwijage akatoka. Alistidia alikaa kwenye kiti cha ukatibu akalia kwa hasira, mlango ukiwa wazi, na wanafunzi waliokuwa wakipita kwenda kuchota maji wakamwona wakapunguza sauti.